Gari lilikuja bila maji: safari ya shilingi ya zimamoto Nairobi

Kila soko linapoungua Nairobi, lawama huwa ni ile ile. Utaisikia Gikomba, utaisikia Toi, utaisikia hata mtaa wa mabanda wa Mukuru mabati yakiwa bado yanafuka moshi: gari la zimamoto lilichelewa, na lilipofika halikuwa na maji. Nami nimewahi kuisema, tena kwa kufoka, usiku mmoja nikiwa nimejitwika godoro la jirani huku vyumba vinne vya mabati vikiteketea nyuma yetu. Ilinichukua miezi kadhaa, na kalamu na karatasi, kuona kwamba nusu ya pili ya lawama yangu haikuwa sahihi. Gari lilikuja na maji. Maji yaliisha.

Hesabu yake ni fupi. Gari la kawaida la zimamoto hubeba lita elfu kadhaa, tuseme 5,000. Mpira mmoja ulioshikwa na wazimamoto wawili unaweza kutema lita 450 kwa dakika. Ukifungua mipira miwili, tangi limekauka kabla ya dakika ya sita. Kuanzia hapo gari hilo ni pampu tu, na pampu inataka chanzo: hidranti ya barabarani (bomba la kuchotea maji ya kuzimia moto), bauza la kuongeza maji, au mto kama upo. Bauza ni la kaunti. Hidranti iko mikononi mwa kampuni ya maji, yenye vitabu vyake vya hesabu, madeni yake na ratiba yake ya mgao wa maji. Kibanda kilichojengwa juu ya hidranti nacho kinalipa ada kwa idara nyingine kabisa. Kwa hiyo ndani ya lawama hiyo moja mna bajeti zaidi ya moja, na hakuna iliyoandikwa na mtu anayeshika mpira.

Nimejaribu kuifuata shilingi ya zimamoto tangu inapokusanywa hadi inapogeuka dizeli, tairi na mshahara. Njiani ina steji nyingi kuliko matatu ya Kayole.

Chungu kimoja

Tuanze na mwenye mzigo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga miongoni mwa kazi za kaunti. Zamani ulikuwa mzigo wa baraza la jiji. Tangu 2013 ni wa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Wengi bado hudhani mzimamoto analipwa na serikali kuu kama polisi. Sivyo. Polisi ni wa taifa, mzimamoto wa kituo cha Tom Mboya ni wa kaunti, na yule utakayemwona uwanja wa ndege wa JKIA ana mwajiri mwingine tena.

Bajeti ya kaunti hii miaka ya karibuni imekuwa juu ya shilingi bilioni 40. Karibu nusu hutoka kwa mgao wa mapato ya taifa. Sehemu kubwa ya iliyobaki inatarajiwa kutoka mjini kwenyewe: maegesho ya magari, kodi ya ardhi, vibali vya biashara, mabango, masoko, idhini za ujenzi. Nimesema inatarajiwa, na neno hilo ndilo la kushika. Bajeti hupitishwa kana kwamba matarajio yote yatatimia, na Nairobi imezoea kukusanya pungufu ya lengo lake. Pengo likitokea, mishahara haiguswi, na wanaodai wakiwa na amri za mahakama hawasubiri. Kinachopunguzwa ni vile visivyo na mtetezi: matengenezo, mafuta, mafunzo, vifaa. Umeshaona vitu hivyo vinne ni vya nani.

Kisha kuna siasa, wala si lazima iwe siasa mbaya. Nairobi ina wadi 85, na kila mwakilishi wa wadi anarudi kwa waliomchagua na swali moja mdomoni mwao: umetuletea nini? Basari ina jina la mtoto. Taa ya barabarani ina kona yake. Kituo cha zimamoto kinahudumia wadi kumi au ishirini kwa pamoja, na siku nyingi za mwaka mtu wa kawaida hakioni kikifanya lolote. Sijawahi kuona bango la kampeni lenye picha ya mitungi ya hewa.

Jambo linalowashangaza wengi zaidi ni hili la ada. Ukifungua mkahawa au ghala, unalipia ukaguzi wa usalama wa moto. Siku hizi umeingizwa ndani ya kibali kimoja cha biashara ambacho kaunti ilianzisha ili mfanyabiashara asizungushwe kutafuta karatasi tano. Mwenye duka hudhani kwamba pesa yake imekwenda kununua mpira wa maji. Haikwenda. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato yote ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale yaliyoondolewa na sheria ya Bunge. Kwa hiyo ada ya zimamoto inaingia chungu kimoja na ya maegesho, na kikosi kinarudi kuomba kijiko kama idara nyingine yoyote.

Hospitali za umma zilipitia tatizo hilo hilo kwa miaka. Zilikuwa zikikusanya kwa wagonjwa, pesa zinapanda juu, halafu zinakosa glavu. Mwaka wa 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kuziruhusu zibaki na kile zinachokusanya na kukitumia papo hapo. Vituo vya zimamoto havina sheria ya namna hiyo. Ningekuwa na nafasi ya kumwuliza mbunge swali moja tu kuhusu moto, ningeuliza hilo, ingawa nakiri lina mtego wake: kikosi kinachoishi kwa ada za ukaguzi kinaweza kunogewa na kukagua maduka ya Westlands, kikasahau Mukuru ambako hakuna wa kutoza.

Kiti kimoja, watu wanne

Kazi ya mzimamoto, kwa jicho la mhasibu, ni kuwepo. Siku njema ni ile ambayo hakuzima chochote, na analipwa vilevile. Hapo ndipo hesabu za kikosi zinapoanza kutofautiana na za idara ya barabara, ambako ukilipa unaona kilomita.

Chukua kiti kimoja ndani ya gari. Lazima kikaliwe usiku na mchana, Krismasi na Idi: saa 24 mara siku 365 ni saa 8,760 kwa mwaka. Sasa chukua mtu mmoja wa saa 45 kwa wiki. Ukimwondolea likizo na sikukuu akabaki na wiki 47, anakupa saa 2,115. Gawanya. Kiti kimoja kinahitaji watu wanne na kidogo. Gari la viti vitano linahitaji watu 21, na bado hujamhesabu aliyeumia mgongo, aliyeko kozi, wala aliyeko likizo ya uzazi. Kituo chenye magari mawili kinavuka watu 40, na hapo hapajatajwa wapokea simu wala fundi.

Kwa hiyo ukisikia jukwaani kwamba wameajiriwa wazimamoto 100 wapya, usipige makofi kabla ya kugawanya. Mia moja ni viti 24. Viti 24 havitoshi magari matano. Jiji hili lilihesabiwa watu 4,397,073 mwaka wa 2019, katika eneo la karibu kilomita za mraba 700, na jioni ya Ijumaa gari la kutoka katikati ya jiji kwenda Embakasi linashindana na foleni ambayo haina bajeti ya kuiondoa.

Kwa nini basi wasiajiriwe mia tano? Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinaweka kikomo: mishahara na marupurupu yasipite asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Ndani ya asilimia hizo mna wauguzi, madaktari, walimu wa chekechea, askari wa kaunti na makarani. Kila mzimamoto anayeingia anachukua nafasi ya muuguzi fulani asiyejulikana. Marupurupu nayo, yakiwemo ya kazi ya hatari, hayapangwi na mkuu wa kikosi. Yanapitia Tume ya Mishahara na Marupurupu, na wafanyakazi wana chama chao kinachojua kugoma.

Matokeo yake ni kitu ambacho hakionekani kwenye ripoti yoyote. Gari la watu watano linatoka na watatu. Dereva anageuka mtu wa pampu, wawili wanabaki na mipira, na hakuna wa kuingia ndani kumtafuta mtoto huku mwingine akilinda mlango. Katika kitabu cha hesabu, vile viti viwili vitupu vinaonekana kama akiba.

Gari ni maendeleo, tairi ni matumizi

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, zikipimwa kwa kipindi cha miaka kadhaa. Nia ni nzuri: isije kaunti ikala kila kitu kwa mishahara na chai. Lakini tazama inavyoangukia zimamoto. Gari jipya ni maendeleo. Jengo la kituo ni maendeleo. Dizeli, tairi, mipira, povu la kuzimia moto wa mafuta, kupima mitungi ya hewa, buti, glavu: yote hayo ni matumizi ya kawaida, upande ule ule wa mishahara, upande unaofyekwa kwanza.

Ndiyo maana unaweza kuona gari linazinduliwa kwa utepe na hotuba, na baada ya mwaka limesimama uani likisubiri betri. Hilo halihitaji mwizi ili litokee, ingawa wezi wakiwepo wanasaidia. Zilitoka pesa za aina moja kulinunua, zikakosekana za aina nyingine kulitunza. Na afisa mwenye dhamana hawezi kuchukua zilizobaki upande wa maendeleo akanunua tairi. Sheria hiyo hiyo inamzuia kuhamisha pesa za maendeleo kwenda matumizi ya kawaida kwa sahihi yake.

Vifaa vya kikosi vina tabia nyingine inayowasumbua watunga bajeti: vinaisha muda hata visipotumika. Nchini Marekani, chama kinachoandika viwango vya zimamoto, NFPA, kinasema koti na suruali za kuingilia motoni ziondolewe zikifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, na kinashauri gari lililopita miaka 15 lishushwe hadhi kuwa la akiba. Mitungi ya hewa iliyofumwa kwa nyuzi za kaboni huhesabiwa maisha ya miaka 15 kwa kawaida, na katikati lazima ipimwe kwa shinikizo la maji. Koti lililotundikwa miaka kumi bila kuvaliwa ni hasara kwa mkaguzi wa stoo. Kwa mwenye kuingia motoni, koti lililopitwa na wakati ni hatari.

Sasa piga hesabu ya gari. Tuseme, kwa mfano tu, limegharimu shilingi milioni 50 na litadumu miaka 20. Kila mwaka linakula milioni 2.5 za thamani yake likiwa limesimama. Ukiwa na magari kumi, ungepaswa kuweka kando milioni 25 kila mwaka ili lisikukute jambo. Nani anaziweka? Kwa miaka mingi hesabu za kaunti ziliandikwa kwa mtindo wa fedha taslimu: kilichoingia, kilichotoka. Uchakavu haukuwa na mstari. Na hata mkuu wa kikosi angekuwa mwenye kubana matumizi kama shangazi mweka hazina wa chama cha akiba, pesa ambayo haijatumika kufikia tarehe 30 Juni hairuhusiwi kulala mfukoni mwa idara, inarudi hazina. Kukopa nako kuna mlango mwembamba: Kifungu cha 212 kinataka dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti.

Kwa hiyo magari hununuliwa kwa kundi, mwaka ambao pesa na siasa zimekutana. Yaliyonunuliwa pamoja huchakaa pamoja. Miaka kumi na mitano baadaye kikosi kizima kinakuwa mzee kwa wakati mmoja, na bili inayokuja ni ya magari manane badala ya moja.

Kilomita sita, tangi tupu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo dogo linaloonyesha mengi.

Mhasibu aliyezoea magari ya ofisi hupima mafuta kwa kilomita. Gari limekwenda Naivasha na kurudi, kilomita kadhaa, lita kadhaa, sahihi, mhuri. Sasa mletee kitabu cha gari la zimamoto. Limetoka kituo cha Tom Mboya saa nane za usiku kwenda Gikomba, mwendo usiotimiza kilomita tatu. Limerudi saa mbili asubuhi. Kilomita sita kwa jumla, na tangi la dizeli limekauka. Mhasibu anavua miwani. Kilomita sita?

Ukweli ni kwamba injini ile haikulala. Gari lilisimama, breki imekazwa, na injini ndiyo iliyokuwa ikizungusha pampu, kwa nguvu, saa tano mfululizo. Kwa kipimo cha barabara halikwenda popote. Kwa kipimo cha injini limesafiri hadi Mombasa. Oili imechakaa kwa kiasi hicho, mkanda umelika kwa kiasi hicho, na gari linastahili kwenda kwa fundi mapema kuliko kilomita zake zinavyosema.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama ya maana: mita ya saa za injini, na safu moja zaidi kwenye kitabu cha gari, saa za kupiga pampu. Ukiwa na safu hiyo, ombi la mafuta lina maelezo na ratiba ya sevisi ina msingi. Ukikosa safu hiyo, unabaki na maswali mawili mabaya. Mkaguzi anauliza dizeli ilienda wapi, na mzimamoto mwaminifu hana cha kujibu. Mwizi wa dizeli naye, akiwepo, anajificha nyuma ya moto halisi, kwa kuwa hakuna anayeweza kutofautisha saa tano za pampu na mtungi wa lita ishirini uliotoka kwa mlango wa nyuma.

Julai

Pesa iliyopitishwa si pesa iliyopo. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa zaidi, hata walio serikalini.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Safari yake huanza karibu mwaka mzima nyuma: waraka wa bajeti kufikia tarehe 30 Agosti, mpango wa maendeleo wa mwaka Septemba, mkakati wa kifedha kufikia mwisho wa Februari, makadirio yenyewe bungeni kufikia 30 Aprili. Mkuu wa kikosi anayetaka tairi za Desemba alipaswa kuzisema Agosti ya mwaka uliotangulia, wakati ambapo tairi zenyewe zilikuwa bado nzima.

Bajeti ikipita, pesa hazitoki kwa kuwa zimeandikwa. Kaunti inaomba, Msimamizi wa Bajeti anaidhinisha kila utoaji chini ya Kifungu cha 228, ndipo Benki Kuu inahamisha. Kazi ya Msimamizi ni kuona kwamba utoaji una msingi wa sheria, na sioni sababu ya kumlaumu kwa hilo. Tatizo ni kwamba mgao wa taifa wenyewe huchelewa, na mwanzo wa mwaka wa fedha mara nyingi huwa mkavu. Julai na Agosti ni miezi ya baridi Nairobi, jiko la makaa liko ndani, hita imechomekwa kwenye waya wa kuunganisha. Kasi ya moto na kasi ya hazina hazijawahi kupatana kalenda.

Pesa zikichelewa, mfanyabiashara ndiye anayeikopesha serikali, apende asipende. Anapokea LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, anapeleka tairi sita, anaandika ankara, anasubiri. Nairobi kwa miaka imebeba mlima wa bili zisizolipwa mrefu kuliko wa kaunti nyingine yoyote, wa makumi ya mabilioni. Mfanyabiashara aliyesubiri miaka miwili hufanya moja kati ya mawili: zabuni ijayo haombi, au anaomba akiwa ameongeza bei ya kusubiri. Kaunti inanunua tairi ile ile kwa bei ya juu, na bajeti iliyotosha tairi sita sasa inatosha nne. Hakuna aliyeiba hapo. Ni gharama ya jina baya, na haina mstari wake kwenye bajeti.

Kuna chombo kimoja cha sheria ambacho ningetamani kitumike zaidi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu mikataba ya jumla ya hadi miaka mitatu: unakubaliana bei na msambazaji mara moja, halafu unaagiza kila unapohitaji. Kwa vipuri na sevisi ya magari ya zimamoto, hilo linaondoa miezi ya kutangaza zabuni kila betri inapokufa. Lakini mkataba ni mzuri kwa kadiri unavyolipa. Tunarudi pale pale.

Na ile hazina ya dharura ya kaunti? Ipo kisheria, na katika mwaka mmoja haiwezi kulipa zaidi ya asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa mwaka uliotangulia. Imewekwa kwa jambo la haraka ambalo halikutazamiwa: chakula, mahema, uokoaji baada ya janga. Haikukusudiwa kulipia dizeli ya kila siku. Tena jiulize mwenyewe: moto wa Gikomba, soko ambalo limeungua mara nyingi kiasi hiki, likiwemo tukio la Juni 2018 lililoua watu wasiopungua 15, unaweza kweli kuuita jambo lisilotazamiwa?

Bima inalala wapi

Kuna mtu mmoja anayefaidika kila moto unapozimwa mapema, na hachangii moja kwa moja. Ni kampuni ya bima. Ghala la Industrial Area likiokolewa nusu, bima inalipa nusu.

Kuna nchi zilizoliona hilo na kuliandikia sheria. Katika jimbo la New South Wales, Australia, kwa muda mrefu kampuni za bima zimebeba asilimia 73.7 ya gharama za huduma za zimamoto na dharura, halmashauri za miji 11.7, na serikali ya jimbo iliyobaki. Ufini hutoza asilimia 3 juu ya malipo ya bima ya moto, na pesa hizo hurudi katika kazi za uokoaji na kuzuia moto. Mtindo wa Australia una wapinzani wake, na hoja yao si dhaifu: anayekata bima anamlipia asiyekata. Nairobi hoja hiyo ingekuwa na meno zaidi, maana wanaounguliwa mara nyingi ndio wasio na bima hata moja. Mimi bado naona asilimia moja au mbili kutoka kwa maghala na majengo ya ghorofa ingeleta kitu ambacho chungu cha pamoja hakijawahi kuleta: pesa inayojulikana kiasi chake kabla ya Agosti. Ingehitaji sheria ya Bunge, hata hivyo, na ingehitaji isiingie kwenye chungu kile kile.

Ukurasa gani

Ukitaka kujionea, kitabu cha bajeti ya kaunti ni cha umma, na ripoti za utekelezaji za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka. Usianze na jumla ya juu. Tafuta mstari wa matengenezo ya magari, uutazame mara tatu: ulivyoandikwa Juni, ulivyobaki baada ya bajeti ya ziada, na kilichotumika kweli. Tofauti ya namba ya kwanza na ya tatu itakueleza mengi kuliko hotuba.

Mimi nilibeba swali hilo kwenye kikao kimoja cha kukusanya maoni ya bajeti, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na spika inayokoroma. Niliuliza zimetengwa shilingi ngapi kwa tairi za magari ya zimamoto. Afisa aliyekuwa mbele, kijana mpole, alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Akasema ziko ndani ya matengenezo ya magari, pamoja na malori ya taka na magari ya wakubwa. Hazijatenganishwa.

Mama mmoja wa mitumba kutoka Gikomba, aliyekaa kando yangu na leso yake mapajani, aliinua mkono.

"Na ile hidranti iko karibu na sisi, haijatoa maji tangu nianze biashara. Hiyo iko ukurasa gani?"

"Hiyo, mama, haiko hapa. Hiyo ni ya kampuni ya maji."

"Na kibanda kimejengwa juu yake?"

"Hiyo ni ya leseni."

Mama akafunga kile kitabu, akakitumia kujipepea hadi kikao kikaisha.